Kuandika Mtu, Kuandika Meza

Mhuri nimeukabidhi, ufunguo wa masijala nimeukabidhi, na kiti changu chenye mguu mmoja uliofungwa waya nasikia kimegombewa. Vijana mlionisindikiza mliniomba niwaachie maneno machache kuhusu kazi ya ukarani wa mahakama ya mwanzo. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Ruhuwiko, nimejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi, naanza. Vyeo sitavizungumzia kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari ya neno moja lililonisumbua na kunifurahisha tangu nilipoingia kazini hadi nilipokaribia kutoka. Neno lenyewe ni kuandika.

Mimi ni wa Mbinga. Nyumbani tulizungumza Kimatengo, Kiswahili nikakipata shuleni, na shuleni kuandika kulikuwa na maana moja tu: kalamu, daftari, mwalimu amesimama mbele yako. Kwa elimu hiyo nikaajiriwa mahakamani hapa Songea. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mapunda, karani mrefu, mpole, mwenye miwani aliyoishikilia kwa kamba ya kiatu. Asubuhi ya kwanza alinionyesha dirisha la kupokelea watu, akanionyesha kabati la majalada, kisha akaitwa na hakimu. Akiwa anatoka, akaniambia kwamba pale nje kuna mzee amekaa kwenye benchi, nimwandike.

Sasa, wiki ile mahakama ilikuwa inatafuta vibarua wa kufyeka nyasi. Nilikuwa nimeona tangazo mlangoni, na kijijini kwetu mtu akisema ameandikwa, anamaanisha amepata kazi. Nikatoka, nikamwamkia yule mzee shikamoo, akaitika, nikampa panga na kumwonyesha pa kuanzia. Alikuwa ametoka Namtumbo kuja kufungua shauri la ng'ombe wa jirani aliyekula mahindi yake. Alifyeka vizuri sana, kimya kimya, mpaka karibu na dirisha la hakimu. Hapo ndipo akaegemea panga, akamwuliza hakimu kwa adabu kama wadai wote hupitia hatua hiyo, au ni wale wa mashauri ya ng'ombe peke yao.

Mzee Mapunda hakunigombeza. Alimkalisha yule mzee, akaagiza chai, akaniita nisikilize namna anavyomwandika, yaani namna anavyopokea malalamiko yake. Kwanza alimwuliza habari za nyumbani. Kisha akamwacha aseme yote, na kalamu ikiwa mezani. Alipomaliza, ndipo Mzee Mapunda akaichukua, akamrudishia maneno yake moja moja huku anaandika. Mzee wa Namtumbo alitikisa kichwa mara moja tu, mahali ambapo Mzee Mapunda alisema mahindi yalikuwa machanga. Hayakuwa machanga, yalikuwa yamekomaa. Likabadilishwa. Shauri lile baadaye alilishinda kwa sababu ya ukomavu wa mahindi, lakini hilo nalisema kwa kupita.

Miaka iliyofuata nilikuwa chini ya Mzee Mapunda na taipureta yake. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na herufi "a" ilikuwa imechakaa, kwa hiyo ukisoma hukumu za enzi hizo utadhani zimeandikwa na mtu mwenye mafua. Tulitumia karatasi ya kaboni mpaka inapitisha mwanga. Hapo napo nilijifunza kitu: kwa Mzee Mapunda, kutumia taipureta hakukuwa kuandika, kulikuwa kupiga. Kuandika ilikuwa kazi ya hakimu, aliyeandika mwenendo wa shauri kwa mkono wakati watu wanasema. Sisi tulipiga alichoandika. Nilipomwambia siku moja kwamba nimemaliza kuandika hukumu, aliniuliza kwa upole tangu lini nimekuwa hakimu.

Dirishani nako neno lilikuja na sura zake. Kijana alifika akaomba shauri lake liahirishwe kwa kuwa daktari amemwandikia. Alikuwa na maana ya dawa, na mkononi alikuwa na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Mama mmoja alitaka tumfutie mumewe kwa kuwa walishaandikiana. Kumbe walikuwa wameandikiana mkataba wa kununua kiwanja, na alichotaka kufuta ni mkataba, mume alikuwa hana neno naye. Na wapo waliofiwa, waliosema tu kwamba ndivyo marehemu alivyoandikiwa. Hao hawakuwa wanataka karatasi yoyote. Kwa hao unaiweka kalamu chini. Hilo pia Mzee Mapunda alinifundisha, bila kulisema, kwa kuiweka yake.

Alistaafu, akarudi kwao Peramiho, akafuga nyuki. Mimi nikabaki na dirisha, na baadaye ikaja kompyuta, ambayo nayo ilikuwa na adabu zake. Shauri ninalotaka hasa kuwaeleza lilikuja wakati wa kompyuta, mimi nikiwa nimeshaanza kuitwa mama na kila mtu, hata na watuhumiwa.

Hapo Lizaboni aliishi fundi seremala, Mzee Gama. Watu wengi mjini wanakalia viti vyake bila kujua. Hakujaliwa mtoto. Mke wake wa ndoa ya kanisani aliugua muda mrefu, akafariki, na miaka mingi baada ya hapo Mzee Gama naye akafariki. Kikao cha ukoo kikamchagua mpwa wake, Deogratias, mtoto wa dada yake, awe msimamizi wa mirathi. Deo alikuwa kijana mtu mzima, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, msemaji mzuri, anayevaa shati lililopigwa pasi. Alileta maombi yake mahakamani, tukabandika tangazo kama sheria inavyotaka.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kuweka pingamizi. Alikuwa Bi. Somoe, Myao wa Nakapanya kule Tunduru, wa makamo, amevaa baibui lililopauka na kujitanda vizuri. Alisimama dirishani pangu akanisalimu, kisha akasema nyumba ya Mzee Gama ndiyo anayokaa, na Deo amemwambia aondoke mwezi ukiisha. Nilimwuliza yeye ni nani wa marehemu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake mzazi. Akasema alikuwa akikaa naye.

Nikamwandika, kwa namna niliyofundishwa.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa mwanamke kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Kigoma. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi mawakili wa vichochoroni na kunifurahisha mimi: neno asilolielewa aliliuliza, na alilodhani analielewa aliliuliza pia. Pembeni yake walikaa wazee wawili washauri wa mahakama, na mimi mezani kwangu chini yao.

Deo alitoa ushahidi wake kwanza. Alisema mjomba wake hakuoa tena baada ya mkewe kufariki, hakuna cheti cha kanisani, hakuna cha msikitini, hakuna cha bomani. Yule mama alikuwa mtumishi wa ndani, alimhudumia mjomba vizuri, na ukoo uko tayari kumpa ahsante. Alisema kwa heshima. Nyuma yake kwenye benchi alikaa mama yake, Bibi Osmunda, dada wa marehemu, mikono ameikunja mapajani juu ya rozari, anatazama sakafu.

Ikafika zamu ya Bi. Somoe. Aliapa, akaulizwa aliingiaje katika nyumba ile. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Mzee Gama alimwandika mwenyewe.

Deo alisimama papo hapo. Akaomba mahakama izingatie kwamba mama mwenyewe amekiri kuwa aliandikwa, na mtu anayeandikwa ni mfanyakazi. Mzee mshauri mmoja akaitikia kwa kichwa. Mimi niliona shauri limekwisha asubuhi ile ile, na moyo ukaniuma, maana nilikuwa nimeshampenda yule mama bila ruhusa ya sheria.

Hakimu aliweka kalamu chini. Akamwuliza Bi. Somoe aliandikwa nini.

"Aliniandika kazi," alisema. "Sikatai. Ningesema uongo ningekuwa nimeapa bure."

Akaeleza. Alikuwa akiuza chakula barabarani Nakapanya. Mzee Gama alipokwenda Tunduru kutafuta mbao alikuwa akila kwake. Safari moja alikula akiwa mnyonge, akamweleza kuwa mkewe amelala kitandani hawezi kugeuka, na wasichana anaowaleta wanakimbia. Akamwomba aje amsaidie. Bi. Somoe alikuwa ameachika, hana mtoto wa kumfunga, akaja. Alimwosha yule mgonjwa, akamlisha, akamgeuza, mpaka alipofariki mikononi mwake. Baada ya arobaini alifunga mzigo wake, kwa kuwa kazi aliyoandikwa ilikuwa imekwisha.

"Ikawaje?" hakimu akauliza.

"Akaniambia nisubiri, niende kwanza sokoni. Niliporudi, nikakuta ameniandikia meza."

Deo alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha mtu aliyeona mlango umefunguka. Akasema kwamba kama mjomba alimwandikia meza, ukoo hauna pingamizi. Mjomba alikuwa fundi, meza zipo nyingi, achague iliyo nzuri achukue, hata usafiri yeye atalipia. Watu wawili watatu kwenye mabenchi wakacheka pia. Kwa sikio la kwetu hapa Songea, ndivyo ilivyosikika: kwamba marehemu alimrithisha meza kwa maandishi, na nyumba akaiacha.

Bi. Somoe hakucheka wala hakukasirika. Aligeuka akawatazama kwa mshangao, kama amesema jambo la wazi na watu wakalisikia kwa lugha nyingine. Hakimu naye akakiri kwamba hajaelewa, akamwomba aeleze kuandika meza ni kufanya nini.

"Kuandika meza ni kuandika meza, Mheshimiwa. Unatandika kitambaa, unaweka sahani, unaweka maji ya kunawa, unapakua, watu wanakaa. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nawaandikia meza yeye na mkewe, siku alizopata nafuu akaweza kukaa, na wageni wao, halafu mimi nala jikoni. Siku hiyo nimetoka sokoni, nakuta ameandika yeye. Kitambaa kimekaa upande. Sahani mbili, zile za wageni. Ugali umemshinda, una madonge, samaki, mbasa, ameungua mkia. Nikamwuliza nani anakuja. Akasema hakuna anayekuja. Akaniambia, kaa."

Akajitanda vizuri, akaendelea.

"Nikakaa. Toka siku hiyo sijala jikoni tena, wala hakunilipa tena. Yeye alinioa kwa chakula chake kibaya kile, Mheshimiwa. Sina cheti."

Mzee mshauri yule yule aliyeitikia kwa kichwa akamwuliza kwa sauti ya chini kama waliwahi kusafiri pamoja kwenda misibani, na majirani walimwitaje. Akajibu kwamba walimwita Mama Gama, na wengine Bi. Somoe, kwa kuwa ndilo jina lake. Hakimu alikuwa anaandika upesi. Alinigeukia akaniambia nitakapopiga mwenendo ule nisibadilishe hata neno moja kuwa la kitabuni. Palipo "aliniandika" paandikwe aliniandika, na maelezo yake yafuate kama alivyoyatoa. Vijana wangu, hilo lishikeni. Ukimsafishia shahidi lugha yake, unaweza kumtoa nje ya nyumba yake.

Lakini maneno ya mtu mmoja yanabaki maneno ya mtu mmoja. Sheria yetu inawatambua mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka na wakaheshimiwa na watu kuwa mume na mke, ila hiyo heshima ya watu lazima ithibitishwe. Deo alijua, na alikuwa na shahidi wake wa mwisho, mama yake. Dada wa marehemu akisema huyu ni mtumishi, nani atabisha?

Bibi Osmunda alipelekwa mbele polepole. Aliapa kwa Biblia. Mwanawe akamwuliza, kwa upendo kabisa, awaambie waheshimiwa kama kaka yake aliwahi kumwoa yule mama. Bibi akasema harusi hakuiona. Deo akashukuru, akakaa. Hakimu akasema ana swali moja, akamwuliza Bibi Osmunda yeye mwenyewe alimhesabu Bi. Somoe kuwa nani.

Bibi alimtazama mwanawe, akaitazama rozari yake. Nawaambia, nimewaona watu wakisubiri kifungo wakiwa na nyuso nyepesi kuliko uso wake ule. Deo alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki hapa Songea. Ndiye aliyemwezekea bati, ndiye aliyempeleka hospitali.

"Siku ya mazishi ya kaka," alisema hatimaye, "mjane alivikwa kitambaa cheusi. Mtumishi havikwi. Mnajua nani alimvika?"

Hakimu akamwambia aseme.

"Ni mimi. Nilimfunga mwenyewe kichwani, mbele ya watu wote, na Deo akiwa pale ameshika mwavuli. Huyu ni wifi yangu. Nimechoka kuangalia chini."

Deo alikaa mikono imelegea kama mtu aliyeteremshwa kwenye gari katikati ya safari. Hakimu akamwuliza Bi. Somoe kwa nini hakulitaja jambo kubwa kama lile tangu mwanzo, wala hakumwita wifi yake kuwa shahidi. Akasema asingeweza. Yule ni mama, na huyu ni mwanawe. Angemwita, angekuwa anamwomba achague.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Mahakama ilimtambua kuwa mjane wa marehemu, ikawateua yeye na Deo kusimamia mirathi kwa pamoja, na nyumba ya Lizaboni ikabaki kuwa makazi yake. Hakimu alisoma kwa dakika chache tu, lakini niliipiga hukumu ile kwa siku mbili, kwa sababu kila nilipofika kwenye sahani za wageni nilisimama nikajisingizia kikohozi.

Walikuja masijala kuchukua nakala, wale wanawake wawili pamoja. Bibi Osmunda hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe mahali palipoandikwa mjane. Nikaweka kidole. Akaliangalia neno lile muda mrefu, akasema kumbe ni fupi hivyo. Alisema kulijua hakukuwa kugumu, walilijua wote. Kulisema ndiko kulikomkaba.

Nikawasindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo. Deo alikuwa amesimama nje kwenye kivuli, pikipiki yake pembeni, funguo mkononi. Tangu shauri lianze hakuwahi kumsalimu Bi. Somoe, alipita mbele yake kana kwamba anapita nguzo. Nilimwona mama yake akisimama, akimngoja. Deo alitazama funguo, akazihamishia mkono wa pili, kisha akainua uso.

"Shikamoo, mke wa mjomba."

Bi. Somoe alimwangalia, wala hakuharakisha. Nilidhani atapita. Alikuwa na haki ya kupita.

"Marahaba," akasema. "Umekula?"

Deo akasema hajala tangu asubuhi. Wakaondoka wote watatu kwa miguu kuelekea Lizaboni, Bibi Osmunda katikati, na Deo nyuma yao akiisukuma pikipiki bila kuiwasha.